NUKTA ZA MCHANGANI

Wahenga hawakukosea waliponena: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ndugu msomaji, methali hii imenifunza kwa aibu.

Tulipokuwa Kidato cha Pili alikuja shuleni kwetu hapa Mwihoko msichana kutoka Lamu. Siku moja wakati wa mapumziko alichuchumaa uwanjani, akawa anadonoa nukta kwenye vumbi kwa kijiti. Nikamuuliza, "We, unafanya nini?" Akajibu kuwa ni nukta za ramli, babu yake alikuwa akizipiga. Lo! Mimi ndiye wa kwanza kupaza sauti: "Jamani, huyu ni mchawi!" Tangu siku hiyo hakuna aliyekaa naye. Muhula mzima alikula githeri yake peke yake.

Mwaka uliofuata, mwalimu wa kompyuta alituandikia 0 na 1 ubaoni. Alisema mashine haijui kingine. Stima ipo ama haipo, kama swichi ya taa. Kumi na tatu huandikwa 1101, yaani nane, nne na moja, bila mbili. Tulikodoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Msichana wa Lamu ndiye aliyeinua mkono. Akaenda ubaoni, akachora mistari minne ya nukta: moja, moja, mbili, moja. Akaeleza kwamba mpiga ramli hutia nukta bila kuhesabu, kisha huziondoa mbili mbili hadi zibaki moja au mbili. Akifanya hivyo mara nne, hupata umbo moja kati ya 16. "Nukta moja iite 1, nukta mbili ziite 0," akasema. Ilikuwa kumi na tatu!

Mwalimu alifurahi mno. Alituambia kuwa ramli, neno lililotokana na Kiarabu lenye maana ya mchanga, ilifika Hispania ikatafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12. Mwaka wa 1703 Leibniz, Mjerumani, alichapisha hesabu ya 0 na 1, akailinganisha na michoro ya kale ya Uchina. Mwaka wa 1854 Boole, Mwingereza, aligeuza kweli na uongo kuwa hesabu, na mwaka wa 1937 Shannon wa Marekani akaonyesha kuwa swichi za umeme zaweza kuifanya hesabu hiyo. Hata M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka wa 2007, yategemea tarakimu zizo hizo mbili. "Ramli haijui ya kesho," mwalimu akaonya, "lakini hesabu yake ni hesabu."

Jioni ile nilibeba sahani yangu hadi alipoketi. Nikamwambia, "Nisamehe, dada." Alininyamazia kitambo, kisha akasogea kidogo kwenye benchi. Nikaketi.

Mwihoko kwa Kikuyu ni tumaini. Ndugu msomaji, kabla ya kumwita mwenzako mchawi, muulize kwanza anahesabu nini.