Bedford Yenye Miguu ya Isuzu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Moshi ilikuwa na malori mengi kuliko magurudumu. Ukipita pembezoni mwa gereji au nyuma ya maghala ungeyakuta yamepandishwa juu ya mawe na magogo, injini nzima, bodi nzima, yakisubiri tairi, rimu, beringi au kimpira cha breki kisichozidi ukubwa wa kidole. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na fedha za kigeni zilikuwa hazionekani. Tairi ilitaka kibali, spea ilitaka kibali, na kibali nacho kilitaka mtu anayekufahamu.

Nairobi haikuwa mbali. Kule Bedford na Isuzu zilikuwa zikiunganishwa katika kiwanda kimoja, chini ya kampuni moja. Lakini mpaka ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika. Kilichovuka kilipita njia za panya upande wa Taveta, na kilifika kwa bei ya kumfanya mtu auze ng'ombe.

Mjomba wangu alikuwa na Bedford, nami nilikuwa taniboi wake. Tulishusha maharage na mahindi kutoka Rombo, tukaenda Tanga, tukarudi na saruji. Lori lilikuwa la zamani hata kwa wakati ule, ila injini yake ilikuwa ya kutegemewa. Lililotushinda ni magurudumu. Vyuma vilikuwa vimechoka kwa mizigo na makorongo. Nyufa zilianza kwenye matundu ya bolti, nyembamba kama uzi, zikasafiri kutoka tundu hadi tundu. Tulizichomelea, zikafunguka pembeni ya weldi. Tukachomelea tena. Mwishowe fundi wa weldi mwenyewe akakataa kupokea pesa yetu.

Hapo ndipo Mjomba aliponunua gari bovu kwenye mnada. Ilikuwa Isuzu iliyopinduka, kichwa kimebondeka na chesisi imepinda, lakini magurudumu yote sita na la spea yalikuwa mazima, rimu za inchi 20 zenye tairi ambazo bado zilikuwa na meno. Alipewa stakabadhi yenye mhuri, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Jioni ile nyumbani palikuwa kama sikukuu. Bedford ilikuwa na bolti nane kila gurudumu, Isuzu nayo matundu nane. Isitoshe, General Motors, wenye Bedford, walikuwa pia na hisa kubwa katika Isuzu tangu mwaka 1971. Mjomba alikuwa na hakika kwamba ndugu wa baba mmoja wanavaa kiatu kimoja.

Asubuhi tulipiga jeki, tukang'oa gurudumu la mbele kushoto, tukainua la Isuzu. Tundu la katikati lilikaa vizuri juu ya habu. Bolti ya juu ilichungulia, na ya pembeni ikachungulia, lakini zote ziliegemea ukingo wa ndani wa tundu. Tuliposukuma gurudumu upande mmoja, bolti mbili tatu ziliingia, zile za upande wa pili zikajificha kabisa. Tulizungusha, tukajaribu upya, hali ikawa ileile. Ukilitazama kwa mbali ungeapa kwamba linaingia.

Leo mtu yeyote wa biashara hii anaweza kukueleza sababu. Magari mengi ya Ulaya yenye bolti nane yalipangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 275. Wajapani nao walichagua 285. Tofauti ni milimita 10 tu, yaani milimita 5 kila upande. Ingekuwa sentimita tano, hakuna ambaye angehangaika. Milimita tano zinamshawishi mtu.

Na waliokwisha kushawishika walikuwapo. Dawa iliyokuwa inatembea mjini ilikuwa gesi: unachukua moto wa kukatia chuma, unapanua matundu ya gurudumu kuelekea ndani mpaka bolti ipite, kisha unakaza nati kwa nguvu zako zote, unaweka na washa nene ukipenda. Kazi ya nusu siku. Lori moja la jirani lilikuwa limefanyiwa hivyo, na kwa muda lilifanya kazi, jambo lililowapa watu wengine moyo.

Nililiona siku lilipoachwa na gurudumu lake. Tulikuwa nyuma yake kwenye mteremko wa kutoka Marangu kuja Himo, nalo limebeba ndizi. Kwanza gurudumu la nyuma lilianza kucheza, linayumba kidogo ndani ya bodi. Mjomba akapiga honi mfululizo. Halafu gurudumu la nje likatoka, likasimama peke yake barabarani, likaanza kulipita lori. Lilimpita dereva upande wa dirisha lake, naye akaligeukia kulitazama. Liliruka mtaro, likakata migomba, likavunja ukuta wa kibanda kilichokuwa kimefungwa siku ile. Lori lilikaa kwa ekseli yake juu ya lami, likiburuta cheche hadi likasimama. Hakuna aliyekufa. Tulipokwenda kuangalia, bolti zote zilikuwa zimekatika usawa wa habu. Baadhi zilikuwa zimekatika zamani, kichwa cha kidonda kikiwa na kutu. Chache ndizo zilizokuwa ziking'aa.

Mjomba hakusema neno mpaka Moshi. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee mmoja mkereza vyuma.

Mzee huyu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye karakana za reli za Afrika Mashariki kule Nairobi, akarudi nyumbani Jumuiya ilipovunjika. Alikuwa na mashine ya kukereza iliyokuwa imezeeka pamoja naye, sanduku la vifaa vya kupimia vilivyofungwa kwa kitambaa chenye grisi, na tabia ya kutokukujibu mpaka amalize anachofanya. Mjomba alimweleza kuhusu Isuzu, kisha kuhusu ndizi na mteremko.

"Sasa Fundi, kumbe bolti za Kijapani ndizo imara?"

"Bwana, bolti haibebi gurudumu," alisema. "Bolti inavuta tu. Inalibana gurudumu kwenye habu mpaka vyuma viwili vinakamatana, na huko kukamatana ndiko kunakobeba mzigo. Ukipanua tundu, nati haina pa kukalia. Gurudumu linacheza unywele, na kila mzunguko bolti inakunjwa huku, inakunjwa kule. Chuma ukikikunja hivyo, kitakatika tu. Ikikatika moja, saba zinabeba kazi ya nane."

Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Tulikuwa tumeshughulika na gurudumu wakati wote, tukitafuta namna ya kulibadili lifuate gari. Yeye akataka kuona habu.

Habu ililetwa, ikasafishwa kwa mafuta ya taa. Mzee aliigeuza, akapima unene wa ubapa wake, akapima chuma kilichobaki nje ya matundu. "Nyama ipo," akasema. Alikuwa amekwisha kuliona jibu. Kati ya tundu na tundu kulikuwa na zaidi ya sentimita nane za chuma kitupu. Gurudumu la Isuzu lingeachwa kama lilivyotoka kiwandani, bila kuguswa. Ni habu ya Bedford ambayo ingetobolewa matundu mapya manane, katikati ya yale ya zamani, kwenye duara la Kijapani. Drami za breki zingefuata mtindo uleule. Na kwa kuwa hakutaka tubebe spea za aina mbili, zingefanywa habu zote nne.

Kilichofuata ndicho ninachokikumbuka kwa uwazi kuliko safari zote. Mzee hakuweka keekee juu ya habu. Alichukua kwanza bamba nene la chuma, akalikereza tundu la katikati mpaka likakaa juu ya habu bila kucheza, akachora duara. Kisha akapiga hesabu kwa kalamu ya risasi ukutani, akafungua bikari yake milimita 109 "na unywele", akaanza kutembea nayo juu ya duara: hatua moja, alama; hatua ya pili, alama. Hatua ya nane ilipaswa kurudi mahali pale pale pa kuanzia. Ilipita kidogo sana, kiasi ambacho mimi sikukiona. Akafuta kwa msasa, akapunguza bikari, akaanza upya. Alirudia hivyo hadi ncha ikaangukia kwenye alama ya kwanza na kukaa. Ndipo alipotoboa, na bamba hilo akalijaribu kwenye gurudumu la Isuzu kabla ya kulipeleka kwenye habu. Matundu manane yalitazamana na mengine manane, mwanga ukapita yote.

Bolti tulizitoa kwenye Isuzu. Za upande wa kushoto zilikuwa na L kichwani na zinakazwa kinyume na saa. Za kulia zilikuwa na R. Mzee alizipanga kwenye meza mbili tofauti na kunikataza kuzihamisha. Nyuma ya ubapa alisawazisha kila mahali ambapo kichwa cha bolti kingelala, kwa sababu, alisema, kichwa kikilala upande bolti inaanza safari ikiwa imepinda. Rangi kwenye uso wa magurudumu aliniamuru niikwangue mpaka chuma kionekane. Rangi ikibanwa inasagika, na ikisagika nati inalegea.

Kisha akanifundisha magurudumu ya nyuma. Kwa Wajapani wale, gurudumu la ndani lina nati yake ndefu yenye kichwa cha mraba, na la nje linafungwa juu ya nati hiyo kwa nati nyingine. Spana yake ina midomo miwili, 41 kwa nje na 21 kwa ndani. Anayekaza ya nje peke yake anaweza kuacha gurudumu la ndani limelegea na asijue. Ili kuikaza ya ndani lazima ulegeze ya nje kwanza, moja moja, ukifuata zinazokabiliana. "Kijana," alinambia, "mkishusha mzigo wa kwanza, usile kabla hujapita na spana." Tulipopakia alikuja mwenyewe, akapitisha mkono kati ya tairi mbili za nyuma kuona kama zinagusana. Tairi zinazosuguana zinapata moto, na moto huo unazipasua njiani. Mkono ulipita.

Lori likatembea. Mjomba akatoa pesa, mzee akazihesabu, kisha akaomba rangi nyeupe na brashi ndogo. Ndani ya mlango wa dereva akaandika: HABU BEDFORD, BOLTI NA MAGURUDUMU ISUZU, DUARA 285.

Mjomba hakupenda. Ilikuwa mwaka 1983. Edward Sokoine alikuwa amerudi kwenye uwaziri mkuu, na msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepamba moto nchi nzima. Watu walikuwa wakificha sabuni chini ya vitanda, wengine wakitupa bidhaa mitoni usiku. Mwenye tairi nzuri aliulizwa alikozipata.

"Fundi, nyakati hizi mtu anaandika mali yake mlangoni?"

"Bwana, mimi nimechanganya magari mawili. Siku moja atafungua hili gari mtu ambaye hakuwepo hapa. Akinunua bolti ya Bedford akaipiga nyundo, atakufa yeye au atamwua mwingine. Nikichanganya nikaficha, nina tofauti gani na yule wa gesi?"

Maandishi yalibaki. Na haikupita muda yakasomwa. Kwenye kizuizi karibu na Same askari mmoja alizunguka lori, akasimama kwenye gurudumu, akauliza Bedford imepata wapi miguu ya Isuzu. Mjomba alifungua mlango, akamwonyesha, kisha akatoa stakabadhi ya mnada iliyokwisha kuchakaa kwenye mikunjo. Askari alisoma mlango, akasoma karatasi, akasoma mlango tena. Akatuambia twende. Mjomba alikuwa kimya kwa mwendo mrefu, halafu akacheka peke yake.

Novemba mwaka ule mpaka na Kenya ulifunguliwa. Bajeti ya 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na kidogo kidogo spea zikarudi madukani. Malori yaliyokaa juu ya mawe yakashuka. Letu lilibaki na miguu yake ya Kijapani, na kwa kweli likawa na nafuu: Isuzu ziliongezeka barabarani, bolti zake zikawa rahisi kupatikana, wakati za Bedford zilizidi kuadimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mjomba aliliuza. Mnunuzi alitaka kulipaka rangi upya, na Mjomba akaweka sharti moja: rangi ipite kote, ndani ya mlango waandike tena.

Siku hizi vijana wananiita niwatazamie malori wanayotaka kununua. Nakutana na injini ya kampuni hii kwenye gia boksi ya ile, ekseli ya gari la tatu, na kadi inayotaja jina moja tu. Silalamiki, tumeishi kwa kuunganisha, na tutaendelea. Ninakwenda na tepu yangu, nachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, napima duara na kuangalia kama tundu lina alama ya moto. Halafu namwuliza muuzaji nini kilibadilishwa, kwa kipimo gani, na wapi kimeandikwa. Akianza kuniambia gari halijawahi kuguswa, huwa nakunja tepu yangu na kumshauri kijana tukatafute lingine.