Rahisi Isiyo Ghali

Wahenga walituachia neno kwamba rahisi ni ghali. Nimelitumia neno hilo mara nyingi chuoni, nikiwaonya vijana waliokuwa wakijifunza ualimu wasinunue viatu vitakavyopasuka kabla ya mwisho wa muhula. Lakini methali ni kama dawa: ina ugonjwa wake. Ukiitumia kwa kila maradhi, yaweza kukudhuru. Katika jambo moja la siku hizi, yaani vyombo vya kusikilizia muziki, nimeona neno hilo likitumika kuwatoa watu fedha mifukoni bila sababu.

Jambo lenyewe ni hili. Muziki sasa huhifadhiwa kwa tarakimu. Sahani ya CD, ambayo Sony na Philips waliileta sokoni mwaka 1982, hubeba vipimo 44,100 vya wimbi la sauti kwa kila sekunde, na kila kipimo huchaguliwa katika ngazi 65,536. Sikio halisikii tarakimu. Lazima pawepo chombo cha kuzirudisha ziwe wimbi la umeme, ambalo spika hulifanya sauti. Chombo hicho mafundi hukiita DAC. Mimi nitakiita kigeuzi. Kila simu inayotoa sauti ina kigeuzi ndani yake. Kipo cha dola 9 na kipo cha maelfu ya dola.

Zamani kazi hii ilikuwa ngumu na ya gharama. Leo hufanywa na chipu ndogo kuliko ukucha, na chipu hizo hutengenezwa kwa mamilioni. Kijana mwenye masikio mazima husikia hadi mitikisiko 20,000 hivi kwa sekunde. Sisi wazee hatufiki huko. Vipimo 44,100 vyatosha kuchukua kila mtikisiko ulio chini ya 22,050. Kwa hiyo kigeuzi kizuri cha bei nafuu kimekwisha kulipita sikio, na ukiongeza fedha juu yake unanunua usahihi usioweza kuusikia.

Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walilichunguza jambo la karibu na hili, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2007. Waliwasikilizisha watu muziki wa kiwango cha juu kuliko CD, kisha muziki uleule ukiwa umepitishwa kwenye vyombo vya kiwango cha CD, bila wasikilizaji kujua kipi ni kipi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Hata mtu anayerusha sarafu hupata kiasi hicho.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, hakushawishika na hesabu hizo. Mpwa wake alikuwa amemwachia kigeuzi cha shilingi milioni 5 akisikilize kwa juma moja, akikipenda akinunue. Fedha alikuwa nazo, ila zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya ada ya mjukuu wake chuoni. Akaniambia, “Mwalimu, masikio yangu hayanidanganyi.” Nikamjibu, “Mwalimu mwenzangu, basi tuyape mtihani.”

Upande wa pili niliweka kiungio kidogo cha Apple cha kuchomekea hedifoni kwenye simu, ambacho binti yangu alikinunua Marekani kwa dola 9. Tuliviunganisha vyote viwili kwenye kompyuta moja na amplifaya moja. Mwanzoni rafiki yangu alikitambua cha ghali kila mara, akacheka. Nilimwomba asubiri. Kigeuzi kikubwa kilikuwa kikitoa volti 2, na kile kidogo volti 1 tu. Na sikio la binadamu, likisikia sauti iliyo kubwa kidogo, huiita nzuri zaidi. Nikapiga mlio mmoja usiobadilika, nikapima kwa mita ya umeme, nikashusha kile chenye nguvu mpaka vikalingana.

Kisha mjukuu wangu akakaa nyuma ya pazia na sarafu na daftari. Alirusha sarafu, akachagua chombo, akaandika. Mara 16. Rafiki yangu alipata 7, mimi nikapata 9. Mtu anayebahatisha tu hufikia 12 au zaidi katika mitihani kama 4 kwa kila 100; kwa hiyo ningeridhika kwamba anasikia tofauti kama angefika hapo. Aliliangalia daftari kwa muda mrefu. Halafu akasema taratibu, “Basi ada ya mtoto imepona.”

Sisemi kwamba kila cha rahisi kinafaa. Vipo vigeuzi vinavyonguruma kwa umeme wa kompyuta, na zipo hedifoni nzito zinazotaka nguvu kuliko kiungio kidogo kinavyoweza kutoa. Wala sisemi kwamba chombo cha ghali ni ulaghai: huenda kimeundwa kwa ustadi, kina umbo la kupendeza, na mwenye fedha ana haki ya kufurahia umbo. Ninachosema ni kwamba fedha ya kutafuta sauti ipelekwe panapobadilika sauti, yaani kwenye spika, kwenye chumba chenyewe, na zaidi ya yote kwenye rekodi.

Hilo la rekodi nalijua kwa namna yangu. Ninayo kaseti ya mwaka 1984 ya kwaya ya shule, na anayeongoza wimbo ni marehemu mke wangu. Mwanangu aliihamishia kwenye kompyuta. Kigeuzi kile kikubwa kilipokuwa bado nyumbani, niliisikiliza kwa vyombo vyote viwili. Mchakacho wa utepe ulikuwa uleule, na ile beti ya pili ambayo utepe uliliwa na redio haikurudi kwa milioni 5 wala kwa dola 9. Sauti yake katika beti ya kwanza nayo ilikuwa ileile, imara, ikipanda mahali palepale alipozoea kuvuta pumzi.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukiwa na kaseti ya namna hiyo sandukuni, usingoje kununua chombo cha fahari. Mtafute fundi aihamishe leo, kwani utepe unazidi kuchakaa. Kuisikiliza hakutakugharimu zaidi ya dola 9.