Amani, Milima ya Vinyonga

Barabara ya Amani huanzia Muheza, kwenye joto na mashamba ya michungwa, kisha huingia msituni na kupanda Milima ya Usambara kona baada ya kona. Ukifika juu, lile koti ulilolidharau Tanga unalitafuta mwenyewe. Hapa ndipo Wajerumani walipofungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka nchi za mbali bado imesimama pembeni mwa njia. Tangu 1997 msitu huu umekuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Wageni wengi huja kutazama ndege na vipepeo. Mimi nakushauri uje kwa ajili ya vinyonga, na usisahau tochi.

Mchana utawatafuta mpaka shingo iume. Usiku mambo hugeuka. Kinyonga akilala rangi yake hupauka, na mwanga wa tochi ukimpata huonekana mweupe katikati ya kijani chote kile. Hupenda kulala nchani mwa kitawi chembamba, na ana sababu: nyoka akinyemelea, kitawi hutikisika, naye huamka na kujiachia aanguke chini kabla hajafikiwa.

"Kaka, tazama hapo, usawa wa bega lako," alininong'oneza kijana aliyekuwa akiniongoza. Alikuwa dume la kinyonga wa pembe tatu, aina ambayo wataalamu waliipa jina la Derema, eneo lililo jirani hapa. Macho yalikuwa yamefumbwa, mkia umejiviringa, matone ya ukungu yameganda mgongoni. Mguu wa mbele ulikuwa umekishika kitawi kwa vidole vitatu upande wa ndani na viwili upande wa nje. Vidole vya miguu ya nyuma hupangwa kinyume chake. Ukiinama ukaweka lenzi usawa wa jicho lake, ndipo unapoona mashiko hayo yalivyo imara kuliko fundo la mvuvi.

Vichakani anaishi mwingine mdogo zaidi, asiyefika sentimita 10, mwenye kijipembe laini cha vimiiba puani. Ukubwa wake usikudanganye. Mwaka 2016 mtafiti Christopher Anderson wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, alitangaza matokeo ya kupima ndimi za vinyonga wa aina 20, na huyu mdogo wa Usambara akawashinda wote: ulimi wake huchomoka kwa mchapuko unaofika mara 264 ya ule wa kitu kinachoanguka. Kinyonga huyu huwezi kumkuta porini popote duniani nje ya safu hii ya milima.

Ndiyo maana kumpiga picha akiwa amejaza fremu nzima, nyuma yake giza tupu, ni kumdhulumu. Picha ya namna hiyo ingeweza kupigwa kwenye kisanduku cha kioo mjini Berlin. Rudi nyuma hatua moja. Acha jani lenye maji lionekane, acha kuvu ya mti ionekane, acha ukungu uingie. Flashi ifunike kwa kitambaa cheupe ili mwanga uwe laini, piga chache, kisha zima taa umwache alale. Usikate tawi wala kumhamisha ili apendeze. Wapo wenyeji wanaomwogopa kinyonga kwa mikosi anayodaiwa kuleta, na kwa hofu hiyo hawamgusi. Mpiga picha naye asimguse, kwa heshima. Sumu hana.

Kwa miaka mingi vinyonga wa Usambara walipakiwa wakiwa hai na kuuzwa ng'ambo kama wanyama wa kufugwa majumbani, hadi Serikali ilipositisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Lakini tamaa ya wanunuzi haikufa siku hiyo, na simu za leo huandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa. Kwa hiyo, kabla hujairusha mtandaoni, futa taarifa hiyo. Itaje Amani kwa sauti kubwa, uwasifu waongozaji wake, uwahimize watu waje walale na kula hapo ili kijiji kipate. Kichaka chenyewe usikitaje.