Jiko la Mbege

Mwanamume anapooa, Waswahili husema amepata jiko. Ndiyo sababu wajomba waliangua kicheko siku ile mama mmoja wa Voi alipotangaza kwamba, kabla mwanawe hajapata jiko, yeye mwenyewe sharti apate la kwake: jiko la gesi, la kupikia mbege ya posa.

Mama huyo na mumewe ni Wachaga wa Rombo, ng'ambo ya mpaka, waliohamia Voi zamani. Kwao posa haiendi mikono mitupu. Ndizi hazikuwa tatizo, kwani soko la Taveta hufurika kila Jumatano na Jumamosi. Tatizo lilikuwa moto. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi hadi zigeuke rangi ya hudhurungi, nayo Voi ni nchi kavu ambamo mti uliokatwa leo hauonekani tena upesi. Isitoshe, mkwewe, ajuza aliyemfunza kazi hii, macho yake yalikuwa yamekwisha kuharibiwa na moshi.

Mwanzoni mama alitaka kutumia mtungi wake wa kilo 6, ule wenye kichomeo juu kabisa. Mwanawe akamkataza, na hakukosea. Sufuria ya lita 50 ikijaa huwa na uzito wa mtu mzima. Kuitweka juu ya mtungi mwembamba ni kujitakia ajali. Hata ingesimama, kichomeo kidogo cha nyumbani hutoa kama kilowati 2 au 3, na nusu ya joto hilo hupotea hewani. Lita 50 zingehitaji zaidi ya saa tatu kukaribia kuchemka, kama zingechemka. Kichomeo cha kilowati 10 kingezifikisha huko kwa muda wa saa moja hivi, kikila takriban robo tatu ya kilo ya gesi.

Hesabu hizo zikawapeleka dukani. Muuzaji alitoa kichomeo cha mdomo mmoja, akakiwasha. Kikavuma kama lori linalopanda mlima.

"Hiki, nyanya, kinachemsha maji kufumba na kufumbua!"

Ajuza alikisikiliza, kwa kuwa kukiona hakuweza vizuri.

"Mwanangu, kinajua kunong'ona?"

Muuzaji hakuelewa. Mama alielewa. Ndizi zikishapondeka huwa rojo zito, na rojo halivumilii ulimi mmoja wa moto uliokazana katikati ya sufuria. Huungua chini huku juu bado bichi, na harufu ya kuungua haitoki tena hata mbege ikichachuka siku ngapi. Waama, nguvu ndiyo sifa rahisi kuuza. Upole mnunuzi hana budi kuuuliza mwenyewe.

Wakachagua kichomeo kipana cha duara, chenye miguu mifupi ya chuma, kidhibiti chake na mpira mrefu wa kuuweka mtungi mbali na moto. Wakachukua na mtungi wa kilo 13, maana mtungi mdogo ukitolewa gesi kwa kasi hupoa na moto hufifia. Walipikia uani, wala si ndani: gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni. Upepo wa Voi ulikingwa kwa mabati mawili, yakiachiwa nafasi ya hewa.

Adhuhuri ndizi zilikuwa zimeiva. Mama alipunguza moto mpaka ukabaki ukanda wa buluu, naye ajuza, ameketi kwenye kigoda bila kufuta machozi, akawa anatambua kwa pua tu wakati wa kukoroga.

Ila uji wa kimea cha ulezi, ule wa kuchanganywa baadaye pamoja na gome la msesewe, alikataa katakata usipikwe kwa gesi. Aliomba mafiga matatu na kuni chache. Mjukuu alianza kumweleza habari za hesabu. Mama akamkonyeza anyamaze, akaenda mwenyewe kutafuta kuni.