Njia Ipitayo Shambani mwa Mtu

Nataka kuwasimulia habari za njia ya baiskeli niliyoipita katika jimbo la Missouri, nchi ya Marekani. Lakini sharti nianze na ua wa minyaa ulio nyuma ya nyumba yangu huku Usambara, maana pasipo ua ule nisingaliandika habari hizi.

Nyuma ya nyumba yangu pana shamba la mahindi nililoachiwa na marehemu baba, na katikati yake ilikuwapo njia ya miguu. Watoto wa bondeni walipita hapo kwenda shule, na akina mama kwenda kuchota maji. Hakuna ajuaye ilianza lini. Mwaka 2021 mahindi yangu yalikanyagwa, na mengine yakavunjwa yangali mabichi. Nikakasirika, nikaiziba njia kwa minyaa huku na huku. Watoto wakawa hawana budi kuzunguka kwa barabara ya juu, mwendo wa nusu saa zaidi. Jirani yangu, mzee wa rika la baba, akaja kunisihi. Nikamjibu kwamba shamba ni langu na hati ninayo. Hakusema neno, akaondoka. Na tangu siku ile nilipomwamkia aliitikia kwa kichwa tu. Tena, nasema hili kwa haya, watoto waliochelewa shuleni kwa ajili ya ua ule, mimi mwenyewe ndiye niliyewaandika katika daftari la wachelewaji.

Mwaka uliofuata nalipata nafasi ya kwenda kusoma miezi michache katika mji wa Columbia, uliopo katikati ya jimbo hilo la Missouri. Huko mwenzangu mmoja akaniazima baiskeli, akaniambia niende nikaone nchi. Baiskeli yenyewe si kama zetu. Usukani wake umepindwa kama pembe za kondoo dume. Haina keria wala kengele. Na mipira yake ni mipana kuliko ile ya baiskeli za mashindano ya lami, ina meno madogo ya kushika changarawe. Wala haijazwi upepo mpaka iwe ngumu kama jiwe, bali huachwa laini kidogo ipate kuyameza mawe badala ya kuyarukia. Nalicheka moyoni. Sisi tumepanda baiskeli juu ya changarawe maisha yetu yote kwa kukosa lami, na hawa walio na lami mpaka mlangoni huitafuta changarawe kwa furaha, hata wakaitengenezea baiskeli yake!

Njia niliyoelekezwa huitwa Katy Trail, na jina hilo limetokana na herufi za reli ya zamani, Missouri-Kansas-Texas. Ni hifadhi ya jimbo, lakini msidhani ni msitu au mbuga ya wanyama. Ni hifadhi nyembamba kama utepe, yenye urefu wa maili 240 hivi, toka Machens upande wa mashariki hata Clinton upande wa magharibi, na sehemu kubwa yake hufuata ukingo wa mto Missouri. Reli ile ilisumbuliwa na mafuriko mara nyingi, na mafuriko ya mwaka 1986 yalipoiharibu tena, wenyewe wakaacha kupitisha treni sehemu hiyo. Vyuma na mataruma vikang'olewa, na juu ya tuta likamwagwa jiwe la chokaa lililosagwa, likashindiliwa. Tajiri mmoja, Edward Jones, na mkewe Pat, walitoa dola zaidi ya milioni 2 kuisaidia kazi hiyo. Kipande cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1990 katika kijiji cha Rocheport. Hata mwaka 1993 mto ukafurika tena kwa nguvu za ajabu, ukachukua sehemu kubwa ya kazi yao, wakaanza kutengeneza upya. Mtu hatozwi kitu kwa kuingia.

Basi siku moja ya Oktoba nikaondoka Columbia asubuhi, nikafuata tawi la reli ile ile, nalo limefanywa njia vile vile, maili 9 hivi hata McBaine. Hapo nikageuka kidogo kwenda kuutazama mwaloni mmoja mkubwa usimamao peke yake kati ya mashamba. Mwaka 2020 ulipigwa na radi ukashika moto, nao haukufa. Kisha nikarudi njiani, nikaufuata mto kwa upande utokako maji. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo njia yote ni tambarare, na baiskeli huenda kama mtumbwi majini. Upande mmoja magenge ya mawe meupe yamesimama wima, upande wa pili mto, na penye bonde pana mashamba ya mahindi na soya yasiyo na mwisho. Chokaa ile hulia chini ya mipira kama mtu atafunaye mahindi makavu. Karibu na Rocheport nikapita ndani ya handaki la mawe lililojengwa na watu wa reli mwaka 1893, lina giza na baridi, nikatokea upande wa pili penye jua, nikiwa na furaha kama mtoto.

Kosa langu lilikuwa kutaka kurudi kwa njia nyingine. Nalisikia kwamba juu ya magenge kuna barabara za changarawe za wilaya, na kwamba waendesha baiskeli hodari huzipenda kuliko ile ya bondeni. Ni kweli ni nzuri, lakini hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya treni. Hupanda na kushuka kama zetu za Usambara, na mawe yake si ya kusagwa laini, bali makubwa na yenye makali. Katika kushuka kilima cha tatu nikasikia mlio kama wa nyoka: mpira wa nyuma umepasuka. Nilikuwa na kiraka, lakini pampu nilikuwa nimeisahau chumbani.

Nikaikokota baiskeli hata jua likawa karibu kuzama. Mbele yangu nikaona nyumba moja, imejitenga, na mbwa wawili uani. Nitasema kweli, naliogopa. Wenzangu walikuwa wamenionya nisiingie uani mwa mtu nisiyemjua katika nchi ile, hasa usiku, hasa mtu mweusi kama mimi. Nikasimama langoni kwa muda mrefu, kisha nikaita, na kwa kuwa hofu humrudisha mtu katika lugha ya mama yake, nikajikuta nimesema, "Hodi! Hodi jamani!"

Akatoka mzee, akawakemea mbwa, akanitazama mimi, akaitazama baiskeli. Hakuniuliza nilikotoka. Alisema tu, "Mpira?" Nikasema, "Ndiyo, bwana." Akaenda ghalani akaleta pampu na karai la maji, tukainama pamoja tukautafuta ule uvundo wa hewa majini, na mikono yake ilikuwa na sugu kama za baba.

Tulipokuwa tukingoja gundi ikauke akaniuliza kama nimepita ile njia ya bondeni. Nikaisifu sana. Akanyamaza, kisha akaniambia kwamba shamba lake la bondeni limekatwa na njia hiyo, na kwamba yeye alikuwa miongoni mwa walioipinga. Reli, alisema, ilipewa ruhusa ya kupita tangu zamani za mababu, kwa ajili ya treni na si kwa ajili ya neno lingine. Basi treni ilipokoma yeye na jirani zake walitumaini kwamba ardhi itawarudia. Lakini ilikuwapo sheria ya mwaka 1983 isemayo kwamba reli iliyoachwa yaweza kuhifadhiwa, isije ikahitajiwa tena baadaye, na wakati wa kungoja watu wapite kwa miguu na baiskeli. Wenye mashamba wakaenda mahakamani wakashindwa. Baadaye nalisoma kwamba mwaka 1990 mahakama ya juu kabisa ya Marekani, katika shauri lililotoka jimbo la Vermont, ilikata neno kwamba sheria ile ni halali, na mwenye kuona amenyang'anywa mali yake aidai serikali fidia.

Nikamwuliza, "Waliogopa nini hasa?"

"Wezi, takataka, watu tusiowajua."

"Je, yalitokea?"

Akafikiri. "Kidogo. Mwaka mmoja walikula matikiti yangu." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini hata leo naona wangaliniuliza kwanza."

Akaujaza mpira upepo, akaubonyeza kwa kidole gumba, akanipa taa ya kichwani, niirudishe nikipata nafasi. Akanionyesha barabara fupi ishukayo hata McBaine. Ilipita katikati ya shamba lake.

Habari za ua wangu sikumwambia. Naliendesha maili zote zile gizani nikiona duara dogo la mwanga juu ya chokaa nyeupe, na kila mara nikijiambia kwamba mimi sikupokonywa kitu na serikali wala na reli. Kwamba njia yangu ilikuwapo kabla ya hati yangu. Taa nikairudisha Jumamosi iliyofuata, naye hakuwapo, nikaiacha mlangoni.

Niliporudi nyumbani nikachukua panga nikaukata ua mahali pawili. Bibi yangu akauliza mahindi yatalindwaje, na lilikuwa swali la haki. Nikapanda minyaa ile ile kando kando ya njia, mistari miwili toka mwanzo wa shamba hata mwisho, nikaacha nafasi katikati, kama walivyoacha watu wa reli. Hata hivyo juma la kwanza mahindi manne yalivunjwa.

Asubuhi ya tatu nikamwona jirani yangu anapita, jembe begani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu," akasema. Akasimama, akaupima upana wa njia kwa mpini wa jembe, akaniambia kwamba ni nyembamba mno kwa mwanamke mwenye mzigo wa kuni. Nikaingia ndani kulitafuta panga.