Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Ndugu msomaji, methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi. Tuliiandikia insha, tukapewa alama zetu na tukaenda zetu. Mimi binafsi sikuijua maana yake hadi muhula wa pili wa mwaka 2024, nilipopambana na tarakilishi kuukuu ya maktaba yetu.

Tarakilishi yenyewe unaijua. Ndiyo ile iliyo kando ya dirisha, yenye kioo kilichotoka kisogo mithili ya televisheni za babu zetu, na ambayo ikiwashwa hunguruma kama mtambo wa kusaga unga. Ina kumbukumbu ya megabaiti 512. Inaendeshwa na Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka 2001, wengi wetu tukiwa hatujazaliwa. Kampuni ya Microsoft iliacha kuutolea marekebisho tarehe 8 Aprili 2014. Kwa hivyo mzee huyu alikuwa amestaafu miaka kumi kabla sijamgusa.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Chama chetu kilikuwa na vitabu teule 64 vilivyonunuliwa kwa michango ya wazazi. Mwaka 2023 vilipotea 11, kwa sababu daftari la kuazimia lilinyeshewa na kurasa zikagandana. Mlezi wa chama akatuambia waziwazi, "Vikipotea tena hata viwili, nitavifungia vyote kabatini. Kila mtu atajinunulia chake." Wenzangu wengi hawana uwezo huo. Mimi mwenyewe sina. Nikainua mkono nikasema, "Mwalimu, niachie mimi. Nitaandika programu ya kuazimia vitabu." Wenzangu wakanipigia makofi. Kichwa kikavimba.

Likizo ya Aprili niliipitisha kwa mjomba, ambaye ana kipakatalishi kipya. Niliandika programu yangu kwa lugha ya Python. Lugha hiyo ilianzishwa na Mholanzi aitwaye Guido van Rossum, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1991. Wengi hudhani jina hilo limetokana na chatu. La hasha! Limetokana na kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Programu yangu ilikuwa na mistari 210. Ukiiandikia jina la mwanafunzi na la kitabu, inaweka tarehe, na siku 14 zikipita inakutolea orodha ya wenye madeni. Mjomba alipoiona alisema, "Haya basi, sasa wewe ni fundi." Nikavimba zaidi.

Nilirudi shuleni na flashi shingoni kama hirizi. Jumamosi alasiri katibu na wanachama wengine wanne walinizunguka maktabani. Nikabofya faili ya kusakinisha Python, ile ile niliyoitumia kwa mjomba. Hamadi! Kioo kikaandika kwamba hiyo si programu halali ya Win32. Nikabofya tena. Yakawa yale yale.

"Si ulisema ni dakika tano?" katibu akauliza.

"Ngojeni kidogo."

"Tumengoja tangu saa nane, bwana!"

Wakaondoka mmoja mmoja. Nikabaki nimeshika tama.

Hasira ikanipa wazo baya. Rafiki yangu mmoja alikuwa na diski ya mfumo mpya zaidi. Nikamwendea Mama Mkutubi. "Mama, hii kompyuta imezeeka. Wacha nifute kila kitu niweke mfumo mwingine." Diski nilikuwa nimeshaitia ndani, na kioo kilikuwa kinaniuliza tu kama nina hakika.

Mama akavua miwani polepole. "Mwanangu, kabla hujafuta, yale majina ya vitabu vyangu utayaweka wapi?"

"Majina gani, Mama?"

Nikatoa diski, nikaiwasha upya tarakilishi na kufungua alikonionyesha. Lo! Kulikuwa na orodha ya vitabu vyote vya maktaba, zaidi ya 3,000, ambayo aliiandika mwenyewe kwa vidole viwili tangu mwaka 2009. Nikamwuliza kama aliinakili mahali pengine. "Ninakili wapi, na mashine ndiyo hii moja?" Kijasho chembamba kikanitiririka. Nilikuwa nimebakisha kubofya mara moja tu nifute kazi ya miaka 15. Sikumwambia. Nililofanya ni kunakili orodha ile kwenye flashi yangu, mikono ikitetemeka. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kulisema jambo hili, nami namwomba Mama radhi mbele ya wasomaji wote.

Katikati ya muhula tulipofungua mapumziko, nilikwenda saiba ya sokoni. Huko ndiko nilikofanya jambo nililopaswa kulifanya mwanzo, yaani kusoma. Nikafahamu kwamba kila toleo la Python husema litafanya kazi na Windows zipi. Kuanzia toleo la 3.5 la mwaka 2015, XP iliachwa nje. Sababu ni kwamba programu mpya huuomba mfumo huduma ambazo XP haijawahi kuwa nazo. Ni kama mgeni wa mjini aliyefika kijijini akauliza soketi iko wapi, ilhali nyumba ina koroboi. Mgeni hana kosa na mwenyeji hana kosa. Hawakujuana tu.

Toleo la mwisho lililoelewana na XP ni la 3.4, na katika ukoo huo faili ya mwisho iliyotayarishwa kwa ajili ya Windows ni 3.4.4, ya Desemba 2015. Watengenezaji wa Python hawatupi matoleo yao ya zamani, bali wameyahifadhi kwenye tovuti yao. Faili haikufika megabaiti 30. Nikaitia kwenye flashi.

Safari hii mzee alikubali. Python ikafunguka! Lakini furaha yangu haikumaliza dakika. Programu yangu ilikwama kwenye mstari wa 7, kosa la sintaksia. Nilikuwa nimezoea kuandika herufi f mbele ya alama za kunukuu ili kuchomeka jina la mtu ndani ya sentensi. Ufundi huo ulikuja na toleo la 3.6, mwaka 2016. Nilikuwa nimeutumia mara 38. Nikaketi Jumamosi mbili nikizibadilisha zote, moja baada ya nyingine, kwa njia ya awali iitwayo format.

Zikabaki mbio za sakafuni. Kila nilipofungua programu, orodha ya vitabu ilikuja kwa mpangilio tofauti. "Mbona inachanganya karata?" Mama akacheka. Nikadhani ni virusi. Kumbe katika matoleo yale ya zamani, kamusi ya Python haikuahidi kukumbuka kipi kiliingia kwanza. Ahadi hiyo ilitolewa na toleo la 3.7, mwaka 2018. Nikaongeza amri ya kupanga kwa alfabeti, na hapo orodha ikafanana kabisa na rafu za Mama.

Ndipo nilipotanabahi. Mashine haikuwa mjinga. Mjinga nilikuwa mimi, niliyezoea kubebwa na kipya bila kujua kinanibeba vipi.

Msomaji mpenzi, sikwambii ukwamie kwa vya kale. XP haipati tena kinga dhidi ya wadukuzi, ndiyo maana tarakilishi yetu hatuiunganishi na intaneti hata kidogo. Na kila Ijumaa tunanakili kumbukumbu zote kwenye flashi mbili, moja ya Mama na moja ya mlezi. Ninachokwambia ni hiki: kabla hujafuta, uliza kilichomo. Kabla hujalaumu, soma.

Mwaka ulipokwisha, vitabu vyote 53 vilirudi, kimoja kikiwa na doa la chai kwenye jalada. Kabati halikufungwa. Mama Mkutubi angali anaandika kwa vidole viwili, nami simcheki tena.

Na mwanachama, Kidato cha Tatu