Spana ya Mjomba Inauzwa Ohio

Kuna mtu amechukua spana ya marehemu mjomba wangu, akaipiga kromiamu, akaiandikia dhamana ya maisha na kuibandika bei. Nimeikuta Alhamisi iliyopita ndani ya lori la zana lililokuja gereji kwetu hapa Columbus, imening'inizwa ukutani pamoja na wenzake: ringi huku, ringi huku, namba 14 na 17, shingo imepinda kama mwezi wa siku tatu. Muuzaji akanieleza kwa adabu kwamba hiyo ni ya bolti za stata na manifodi, pale ambapo spana iliyonyooka haifiki. Nikamwambia naijua. Hakuuliza naijuaje, na nyuma yangu kulikuwa na watu wanasubiri.

Basi nawasimulia ninyi.

Mjomba alikuwa na gereji Tanga, na mnajua gereji ya aina gani: mkungu mmoja, shimo moja, benchi la wateja na redio. Siku moja aliletewa Hiace ambayo bolti ya juu ya stata ilikuwa imejificha mahali ambapo mkono unaingia lakini spana haiingii. Akachukua ringi yake ya Kijerumani, Gedore, ambayo sisi watoto tulikatazwa hata kuigusa, akavuka nayo barabara hadi kwa mchomeleaji. Ikapashwa moto mpaka ikawa rangi ya chungwa bivu, ikapindwa polepole kwenye kipande cha reli, ikapigwa nyundo tatu nne kurekebisha, ikazamishwa kwenye kopo la oili chafu. Moshi ule nausikia hadi leo. Mkaza mjomba akatoa rangi yake nyekundu ya kucha, wakaipaka shingoni ili isichanganyike na za watu.

Kuanzia siku hiyo spana ile haikulala nyumbani. Mafundi wa Ngamiani walikuwa wanatuma watoto: "Shikamoo mzee, fundi anaomba ile iliyopinda." Mjomba ananung'unika, anatoa. Jioni inarudi, au kesho yake, au inarudi na mtu ambaye hakuwa ameiazima.

Sasa njooni Ohio. Kitu ambacho ndugu zetu wa nyumbani hawakiamini nikiwaambia ni kwamba huku fundi ananunua spana zake mwenyewe. Gereji inakupa lifti, kompresa, mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Gereji za wakala hununua na zile zana maalumu za kiwanda. Toyota wana orodha yao, namba zinaanza na 09. Zaidi ya hapo jitegemee. Kila mtu ana sanduku lake la magurudumu, jingine refu kuliko mwenyewe, droo kwa droo, na kufuli. Kijana anatoka chuo cha ufundi hajawahi kufungua injini ya mtu, tayari ana deni la zana. Na lori linakuja kila wiki, siku ileile, saa ileile. Unachukua leo, unalipa kidogokidogo, na kabla hujamaliza kulipia seti ya kwanza umeshaiona ya pili.

Kuazima kuna sheria yake isiyoandikwa popote. Mara ya kwanza, karibu. Mara ya pili unapewa huku unatazamwa. Mara ya tatu ujue huna adabu, ulitakiwa uwe umenunua. Majuzi nilimwomba jirani yangu wa benchi spana ya paipu za breki. "Lori ni Alhamisi," akasema, hata kichwa hakugeuza. Si mtu mbaya. Mchana huohuo alinigawia chakula chake. Hilo ndilo linaloniudhi: chakula anakupa, spana hakupi. Kwetu ni kinyume, na afadhali kinyume chetu.

Ila nimsemee kidogo, maana spana ile ina sababu zake. Nati ya paipu ya breki ni ndogo na laini. Spana mdomo inaishika pande mbili tu kati ya sita, na ukiivuta kwa hasira kona zinalika. Ringi ingeishika nzima, lakini haipiti, kwa kuwa paipu yenyewe imekatiza katikati. Ndipo ikatengenezwa ringi yenye mwanya: unaipitisha kwenye paipu kupitia mwanya huo, unaishusha kwenye nati, inakumbatia karibu yote. Ni kitu kidogo, hakijai kiganja, na hakina kazi nyingine yoyote duniani.

Huku kinahitajika kuliko Tanga, pamoja na upepo wetu wote wa bahari, kwa sababu ya chumvi. Majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, kilomita kwa kilomita, na yote inaishia chini ya magari. Gari halijazeeka, ukilinyanyua unakuta paipu zimeota magamba ya kutu, nati na paipu zimeshikana zimekuwa chuma kimoja. Ukizungusha nati, paipu inajisokota nayo na kukatika. Hapo umejipatia paipu mpya ya kupinda kuanzia mbele mpaka nyuma, na hiyo kazi haimo kwenye saa zako.

Saa zenyewe ni za kitabu. Kitabu kikisema kazi ni ya saa moja na nusu, unalipwa saa moja na nusu, uimalize kwa dakika arobaini au ikuchukue hadi magharibi. Kwa mfumo huo kila spana ngeni ni mahesabu: hii itaniokolea dakika ngapi, mara ngapi kwa mwezi? Soketi iliyopasuliwa ubavu kwa ajili ya sensa ya oksijeni, namba 22, ili waya wake upite bila kukatwa. Nyota za nje za BMW. Zile za meno kumi na mawili za Volkswagen, ambazo ukijaribu kuziingizia nyota ya kawaida umeiharibu bolti kabla ya chai. Jirani yangu anazo zote, amezilipia zote, na nikiwa na spana yake mkononi dakika anapoihitaji, zinazoungua ni hela zake. Naelewa. Kuudhika kwangu kuko palepale.

Na nyumbani analipa nani nati ikiliwa? Analipa mama. Corolla yake ilikuwa na nati ya breki ya nyuma ambayo fundi wa kwanza aliifungua kwa spana malaya, wa pili akaikuta duara akatumia koleo, wa tatu akaja na tindo na nyundo. Kila mmoja alianza kwa kuinama, kutikisa kichwa na kuuliza swali lile ambalo nyote mnalijua: "Mama, gari hii alikuwa anakutengenezea nani?" Mama anaona aibu utadhani yeye ndiye aliyeshika koleo. Anatoa hela.

Mjomba, lazima niseme, hakuwahi kutumia spana malaya kwenye breki. Alikuwa nayo, ya kufungulia mabomba ya maji.

Turudi kwenye namba, maana hapa ndipo binamu yangu, aliyerithi mkungu na shimo, ananisumbua kila wiki. Fundi wa kwetu anaweza kutembea na spana tano mfukoni, 10, 12, 14, 17 na 19, akaishi maisha yake yote. Si ujinga, ni Toyota. Wajapani bolti yao ya milimita nane wameipa kichwa namba 12, ya milimita kumi namba 14, ya kumi na mbili namba 17. Wazungu wa Ulaya ileile ya nane wameipa 13. Ya kumi zamani ilikuwa 17, siku hizi 16. Mmarekani naye magari yake mengi yanataka 13, 15 na 18. Ndiyo maana ukifungua seti ya fundi yeyote wa Tanga utakuta 13, 15, 16 na 18 zinang'aa kama zilivyotoka dukani, na 10 haipo, imeshapotea. Huku 13 ndiyo inayokwisha kona kwanza. Ya 10 imepotea vilevile. Hilo sijui mkosi wa nani.

Kuna jambo linanichekesha nikisimama ndani ya lori lile. Wazo la soketi za kuvua na kuvika kwenye mkono mmoja liliuzwa Milwaukee mwaka 1920 na Joseph Johnson, mwanzilishi wa Snap-on, na sifa yake ilikuwa kupunguza mzigo: mikono mitano na vichwa kumi vifanye kazi ya spana hamsini. Kabla ya hapo soketi nyingi zilikuwa kila moja na mkono wake. Sasa miaka zaidi ya mia imepita na fundi anahitaji trela kubebea alichopunguziwa.

Spana ya kipimo, inayolia "tik", siwezi kuisema vibaya. Nati za magurudumu za Toyota nyingi ndogo zinataka Nm 103, basi. Kwetu fundi anapanda juu ya spana ya gurudumu kwa miguu miwili na kuruka kidogo, halafu siku pancha imekupata Chalinze usiku unatafuta nani wa kuzifungua. Lakini huku pia nimeona mtu akizikaza kwa bunduki ya upepo mpaka mwisho, kisha anapitisha ile ya kipimo, inalia tik papo hapo, na mteja dirishani anafurahi. Nati ilishapita 103 zamani. Ameuziwa mlio.

Cha ajabu kingine: asiyekujua anakuazima. Maduka ya spea kama AutoZone yana zana maalumu za kuazimisha. Unaacha hela sawa na bei yake, unaenda kufanya kazi yako nyumbani, ukirudisha unapewa hela yako yote. Mwanamke wa kaunta hajui hata jina la baba yako, anakupa. Mtu mnayekula naye chakula kimoja hakupi. Nimejaribu kulieleza hili kwa simu nyumbani, binamu akasema, "Kwa hiyo dhamana ndiyo undugu wao." Sikutaka kukubali, sikuwa na jibu pia.

Maana na yetu tuyaseme. Ile iliyopinda, yenye rangi ya kucha, haikurudi. Wiki aliyofariki mjomba ilikuwa imeazimwa, mwenye nayo alikuja msibani, akala, akalia kwa dhati, akabeba jeneza, na spana akabaki nayo. Binamu anadai anamjua. Hajamdai, kwa kuwa mtu aliyebeba jeneza la baba yako utaanzia wapi kumdai spana?

Basi binamu ananiandikia: "Kaka, nitumie seti nzima, ile kubwa ya vipande vingi." Nimekataa. Kwanza mzigo: begi la ndege ni kilo 23, na seti ya chuma inazila zote, mama naye anasubiri vitu vyake na dawa za magoti. Mkononi ndiyo kabisa, uwanja wa ndege hapa hawaruhusu zana inayozidi inchi saba. Pili, nusu ya seti itang'aa gerejini kwake mpaka wajukuu. Mtu anunue spana ya bolti iliyo mbele yake. Kwa hiyo nimemchagulia: ya paipu namba 10, kwa sababu breki za Toyota ndizo mkate wake na nimechoka kusikia habari za koleo. Kofia ya kufungulia kifuniko cha filta ya oili, milimita 64 hivi, mikato 14, kwa Toyota za karibuni ambazo kifuniko chake mafundi wetu wanakipiga tindo. Kifuniko chenyewe kinataka Nm 25 tu, mtu wa kawaida anakikaza akiwa anaongea. Soketi ya 22 yenye mpasuko. Na nyota za nje, seti ndogo, kwa kuwa anasema BMW za mtumba zimeanza kumfikia na anazirudisha.

Ile ya paipu ni ya duka la bei ndogo, siyo ya lori. Nimeipima mdomo, nimeangalia unene, inatosha. Maneno ya "chrome vanadium" hayanibabaishi, hata feki za Kariakoo zinayo.

Amefurahi. Ameshukuru. Halafu kaongeza: nikipata nafasi, nimwekee na kisanduku cha kuzihifadhia, kile chenye kufuli. Nimemuuliza kufuli la nini, gereji yenyewe haina mlango. Tiki mbili za bluu tangu jana asubuhi, hajajibu.